Sentimita Sita

Kwa faida ya vizazi vijavyo, ieleweke tangu mwanzo kwamba Rozina hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi kuwa nayo. Alipopaka sabuni ubao wa Hesabu ili chaki isishike, nia ilikuwa kuwapumzisha wenzake. Alipoivisha kengele ya alfajiri soksi mbili nzito ili isisikike, nia ilikuwa afya ya taifa. Na Jumamosi ile alipolifunika kwa mabua ya mahindi shimo la samadi nyuma ya banda la nguruwe, akamwagia udongo juu hadi likafanana na ardhi aliyoiumba Mungu, mlengwa alikuwa Kiranja wa Usafi, ambaye kila Jumamosi saa nane alipita pale na buti zake nyeupe kuwakagua nguruwe kana kwamba nao wana sare.

Siku hiyo Kiranja aliumwa tumbo. Aliyepita ni Salome.

Salome alikuwa rafiki yake tangu kidato cha kwanza, yeye kitanda cha chini, Rozina cha juu, na sasa walikuwa kidato cha tano. Alikuja mbio kwa njia ya mkato kuleta habari kwamba bwaloni kuna wali, habari ambayo katika shule ile ya masista kule Mpui ilistahili kukimbiwa. Mabua yakatitia, Salome akazama hadi kiunoni, na Rozina, aliyekuwa amejificha nyuma ya banda, akacheka. Hilo nalo liandikwe. Alicheka kwanza, kisha ndipo akasikia sauti ambayo Salome alikuwa akiitoa.

Alipomvuta nje aliona mfupa. Mguu wa kushoto ulikuwa umegonga jiwe la ukingo, na mfupa wa muundi ulikuwa umechungulia nje ya ngozi, katikati ya tope jeusi la nguruwe.

Mtu mwingine angepiga kelele za kuomba msaada. Rozina alimkumbuka Sista Lucia, mkuu wa shule, aliyemwambia wiki mbili kabla kwamba mzaha mmoja zaidi na sanduku lake la bati angelibeba mwenyewe hadi kwao Izia. Basi akafanya kile ambacho miaka mitano ya bweni ilikuwa imemfundisha kukifanya kuliko somo lolote: alisafisha. Nyuma ya banda palikuwa na bomba, ndoo mbili, kipande cha sabuni ya mche na brashi ya kufulia. Alimwosha Salome kuanzia kiunoni hadi kwenye kucha, akamwosha na kidonda, akabadilisha maji mara tisa. Salome aliuma taulo.

"Tuseme ulianguka uwanjani?" Rozina aliuliza.

Salome alimtazama muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa kukubali.

Katika shule ile wasichana waliibiana sabuni, waliazimana sweta wasirudishe, waligombana kwa ajili ya kijiko. Lakini kumchoma mwenzako, yaani kumtaja kwa walimu, hilo halikufanyika hata kwa adui. Salome alivalishwa sketi safi ya michezo, akabebwa mgongoni hadi uwanja wa netiboli, akalazwa. Rozina akamwekea na mpira pembeni. Ndipo akaenda kumwita matroni, akilia, na kilio hicho angalau kilikuwa cha kweli.

Kwa hiyo Dokta Lwitiko wa hospitali ya mjini Sumbawanga, mtu wa Rungwe, mrefu, mwenye sauti ya chini kama anayeongea na mtoto aliyelala, alipokea kidonda kisafi kama sahani ya sikukuu. Aliuliza binti kaangukia wapi. Wasichana wawili wakajibu kwa pamoja. Akaosha kama inavyooshwa ajali ya uwanjani, akanyoosha mfupa, akashona.

Siku ya tisa mguu ulianza kunuka. Dokta alipoufungua, mfupa ulikuwa umeoza, akalazimika kukata kipande na kukitoa. Kuanzia hapo Salome akawa na vyuma vinne vilivyoingia mguuni kutoka nje ili kushikilia pande mbili za mfupa, na katikati yake hakukuwa na kitu. Sentimita sita. Rozina alizipima kwenye rula yake ya Jiometria akashangaa jinsi zilivyokuwa nyingi.

*

Likizo fupi ilipoanza, Jumatatu, Salome alikuwa na wiki tatu kitandani. Rozina alitoka Izia asubuhi akafika wodini kabla ya dokta. Mama yake Salome, Bertilla, alikuwepo tangu mwanzo. Alikuwa ametoka Chala na kiroba cha mahindi, kikapu na kitenge kimoja cha kubadilisha, na alilala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe. Alimwita Rozina mwanangu. Kila Rozina alipofika, hata zile Jumapili alizoruhusiwa kutoka shuleni, alimwinulia kigoda chake mwenyewe, akamsifu mbele ya wagonjwa wengine kwamba hakuna rafiki kama huyu, na Rozina alikaa kwenye kigoda kile kama aliyekalia jiko.

Dokta Lwitiko alikuja na daktari kijana aliyekuwa mafunzoni. Alifungua bandeji, akanusa, akafunga. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila asubuhi, kana kwamba ni sehemu ya salamu.

"Salome, una hakika ni uwanjani?"

Salome alimtazama Rozina. "Uwanjani, dokta."

Dokta alimweleza Bertilla kwa upole kwamba homa haishuki, kwamba dawa alizotoa zingetosha kabisa kwa uchafu wa uwanjani lakini hazitoshi, na hajui kwa nini. Akasema atasubiri hadi Ijumaa. Ijumaa, kama usaha haujapungua, mguu utakatwa chini kidogo ya goti, maana uozo ukivuka goti atakuwa hapigani tena kwa ajili ya mguu bali kwa ajili ya Salome mwenyewe. Bertilla aliuliza kama Ijumaa ni hii. Ilikuwa hii.

Wakati wanaondoka, yule daktari kijana aliuliza hilo pengo lingejazwaje hata kama usaha ungekwisha. Dokta alisimama karibu na dirisha akamweleza, na Rozina akasikia yote.

Alisema seli za mfupa ni mafundi, na fundi hajengi hewani. Pengo likiwa dogo wanaruka, likiwa kubwa hawana pa kukanyaga. Kwa hiyo wataalamu wanajaribu kuwachapia kiunzi, kama mirunda ambayo waashi hufunga kuzunguka nyumba. Mashine inakichora kwa tabaka nyembamba, kikiwa na matundu kama sega la nyuki, na siku hizi wanakitengeneza hata kwa protini za mimea, soya, ngano, mahindi, kwa sababu mwili unaweza kuzila polepole huku mfupa mpya ukichukua nafasi. Ila, dokta akaendelea, hayo bado yako maabara na kwenye panya, na huenda tutazeeka kabla hayajafika wodi hii.

Rozina, kama ilivyo desturi ya wanafunzi wote wa sayansi, alisikia nusu ya kwanza ya maelezo.

*

Tuseme ukweli kuhusu akili yake siku ile, maana haikuwa ya kijinga kama inavyoonekana. Hakuamini kabisa kwamba angemtengenezea Salome mfupa. Aliamini kwamba akimpelekea dokta kiunzi mkononi, kitu chenye urefu wa sentimita sita, dokta angeshtuka, angekigeuzageuza, angesema tusubiri kidogo. Wiki moja. Siku tatu. Alitaka kisu kiahirishwe. Kulikuwa na njia nyingine ya kukiahirisha, fupi, isiyohitaji mashine yoyote, na hiyo aliizunguka kama mtu anavyozunguka nyumba yenye mbwa.

Mjomba wake Ndimyake alifundisha uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi pale mjini. Kwenye karakana yake kulikuwa na mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mashine mbili mbovu, na hadi siku hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa vifuniko vya redio vilivyopotea. Rozina alimwamkia, akamweleza habari za Salome, ila alimweleza za uwanjani.

"Hiki kitu hakiingii kwenye mguu wa mtu," mjomba alisema. "Tunaelewana, Rozi?"

Alisema wanaelewana.

Kazi ilianza Jumanne. Protini ya mahindi ina maringo yake: maji haiyataki, spiriti inaipenda. Unga unalowekwa kwenye spiriti ya duka la dawa, unapashwa moto kidogo, unachujwa kwa kitambaa, na ile spiriti iliyochujwa ukiimwaga kwenye maji baridi, protini inajikunja na kuelea kama ulimbo. Lakini mahindi ya kwao Izia yalikuwa yamechanganywa na dawa ya kuua wadudu ghalani, na hata Rozina alijua kwamba sumu ya dumuzi si chakula cha mfupa. Akamwomba Bertilla kilo mbili kutoka kwenye kiroba chake cha Chala.

Bertilla hakuuliza ya nini. Alidhani Rozina anataka kumpikia Salome makande. Alimwaga mahindi kwenye ungo, akayachambua punje kwa punje, akitoa yaliyotobolewa, akitoa yaliyovunjika, huku akieleza kwamba haya hayana dawa, ni ya shamba la juu, ambako Salome alipalilia mwenyewe likizo iliyopita. Akampa yaliyo mazuri. Yale mabovu akajibakizia.

Rozina aliyabeba hadi karakana, na njiani aliongea na Mungu kwa lugha ambayo masista hawakumfundisha.

Mifupa ya ng'ombe aliiomba kwa wauza supu. Aliichoma kwenye jiko la mkaa hadi ikawa myeupe kama chaki, akaitwanga, akaichekecha, akauchanganya unga wake na ule ulimbo wa mahindi. Mjomba aliondoa kichwa cha plastiki cha mashine akafunga bomba la sindano nene. Jumatano kiunzi cha kwanza kilitoka kama kinyesi cha kuku, na cha pili kilisimama vizuri hadi tabaka la kumi kisha kikalala upande, kama wanafunzi wakati wa misa ndefu. Mjomba alipunguza spiriti, akaongeza unga wa mfupa, akaiambia mashine iende taratibu. Alhamisi saa nne asubuhi kilitoka cha tano, cha rangi ya maziwa yaliyopoa, kigumu, chenye matundu ambayo ukikiinua unaona mwanga wa dirisha. Rozina alikiwekea rula. Sentimita sita kamili.

Alitaka kukimbia nacho hospitali hapo hapo. Mjomba akamshika bega.

"Umekipima kwa macho. Mwilini mna joto, mna maji, mna chumvi. Na mguu wa rafiki yako una uchafu. Tuone kinavyofanya humo."

Ndimyake alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, ambayo joto lake ni lile lile la mwili wa mtu. Waliondoa trei moja ya mayai. Walikata vipande kutoka kwenye viunzi vilivyoharibika, wakaviweka kwenye chupa za jamu. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Ya pili ilikuwa na maji hayo hayo na kijiko cha udongo ambao mjomba aliuchota kwenye uwanja wa mpira wa chuo, kwa kuwa mgonjwa, kama alivyoambiwa, aliangukia uwanjani.

Mjomba aliporudi darasani Rozina alibaki akizitazama chupa mbili. Zilikuwa chupa za uongo. Zingempa jibu la mguu wa mtu mwingine. Alikaa pale kama dakika kumi. Kisha alichukua chupa ya tatu, akatia kipande na maji yale yale, akaenda Izia, kwa Mzee Teodori, jirani anayefuga nguruwe pembeni ya shamba lake la ulezi, akamwamkia, akamwomba kijiko kimoja cha samadi mbichi. Mzee Teodori, ambaye katika miaka yote ya ufugaji hakuwahi kuombwa samadi kwa kijiko, alimuuliza kama angependa na bakuli. Rozina alishindwa kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani.

Siku ile hakwenda wodini.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi walifungua mashine ya vifaranga pamoja.

Kipande cha chupa ya kwanza kilikuwa kimelainika kidogo lakini kimesimama, na matundu yake yalionekana. Cha pili kilikuwa na ukungu mwembamba. Chupa ya tatu ilikuwa imesukuma kifuniko chake. Mjomba alipokilegeza kikatoa pumzi, na ndani hakukuwa na kiunzi tena, kulikuwa na utelezi wa kijivu unaovutika.

Harufu ikajaa karakana. Mjomba alirudi nyuma, akafungua dirisha. Rozina hakurudi nyuma, kwa sababu harufu ile aliijua. Si ya shimo tu. Alikuwa ameinusa Jumatatu, chini ya shuka la Salome, dokta alipofungua bandeji.

"Ni chakula," mjomba alisema, akiitazama chupa. "Protini ni chakula, Rozi. Kama wadudu ndio wa kwanza kufika, umewapikia na umewawekea ngazi." Akainua chupa kwenye mwanga. "Hii ya tatu ulitia nini?"

"Samadi ya nguruwe."

"Kwa nini nguruwe?"

Rozina alikuwa na majibu mengi. Alikuwa msichana wa majibu. Alishawahi kumweleza Sista Lucia kwa robo saa nzima kwa nini mbuzi wa jirani alikutwa kanisani amevaa tai ya shule, na Sista karibu aamini. Alifungua mdomo akangoja jibu lije.

"Kwa sababu ndiko alikoangukia," alisema.

Mjomba aliiweka chupa chini. Aliuliza kama dokta anajua. Alipoona Rozina anatazama sakafu, hakuuliza tena. Alichukua ufunguo wa pikipiki.

*

Wodini, Bertilla alikuwa amekaa kitandani, ameshika karatasi. Ilikuwa ile ya kukubali mguu ukatwe, na alikuwa ameshaitia sahihi. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimesogezwa karibu. Salome alikuwa amevalishwa gauni la kijani la kufungwa mgongoni, macho makubwa, midomo imekauka kwa homa. Dokta Lwitiko alikuwa akiandika.

Rozina alikuwa amepanga maneno juu ya pikipiki. Yalikuwa na mwanzo, yalikuwa na mazingira ya tukio, yalikuwa na sehemu inayoeleza nia. Yote yalibaki mlangoni.

"Dokta, hakuanguka uwanjani. Aliangukia shimo la samadi ya nguruwe. Mimi ndiye niliyelifunika. Nilimwosha ndipo nikampeleka uwanjani."

Hakuna aliyepiga kelele, na Rozina alitamani mtu apige. Dokta aligeuza karatasi akaanza kuandika upande wa pili. Aliuliza kama anaandikia dawa ya kikohozi: alikaa ndani ya samadi muda gani, mfupa ulikuwa umeshatoka au ulitoka wakati wa kuvutwa, kidonda kilioshwa kwa maji ya wapi, kwa sabuni gani, kilisuguliwa au kilimwagiwa tu. Rozina alijibu yote. Alipofika kwenye brashi ya kufulia ilimbidi aanze sentensi upya.

"Nilikiona kisafi," dokta alisema alipomaliza. "Ungeniambia siku ile nisingeshona. Kidonda cha samadi hakishonwi, kinaachwa wazi, kinaoshwa kila siku. Nilimfungia uchafu ndani."

Alisema *nilimfungia*. Hakusema *ulinifanya nimfungie*. Rozina alilisikia neno hilo likipita juu ya kichwa chake na kwenda kumkalia mtu asiyestahili, akashindwa hata kulirudisha.

Bertilla hakumtazama Rozina. Alimwinamia mwanawe akasema kitu kwa Kifipa, polepole, maneno machache. Rozina ni mtoto wa watu wa Mbeya, Kifipa anajua salamu na matusi tu, na hakukuwa na salamu wala tusi ndani yake. Salome alijibu kwa neno moja. Bertilla alichukua karatasi aliyoitia sahihi, akaikunja mara nne, akaishika ngumini.

Dokta alisema hatakata leo. Ataufungua mguu wote, atatoa kila kinachonuka, ataacha wazi na kubadilisha dawa, ampe zile za kuua wadudu wa mifugo. Hakuahidi kitu. Ikifika Jumanne homa bado ipo, atakata, na huenda itakuwa juu ya goti, kwa sababu ya hizi siku za kuchelewa. Alimtaka Bertilla aelewe kwamba anamwomba acheze kamari na goti la mwanawe. Bertilla alisema na ichezwe.

Kiunzi cha tano kilichomtoka Rozina mfukoni wakati anampisha mlangoni muuguzi anayesukuma kitanda, kikaanguka sakafuni na kupasuka vipande viwili, hakuna aliyekiulizia. Mfagizi alikipitia na ufagio.

*

Mambo ya Mpui yalikwisha upesi. Sista Lucia aliandika barua ya mistari mitatu, na sanduku la bati likabebwa. Kiranja wa Usafi alilia, jambo ambalo katika hali nyingine lingehesabiwa kuwa ushindi. Nyumbani Izia baba yake hakumpiga wala hakumsemesha, alikula na kutoka kana kwamba upande ule wa meza umehama.

Rozina alikwenda hospitali kila siku. Hakuingia. Alikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili hadi walipofunga muda wa kutazama wagonjwa, na alijifunza kusoma sura za wauguzi wanapotoka, kama mtu anavyosoma mbingu wakati mahindi yanaanikwa. Jumamosi, homa arobaini. Jumapili, arobaini na nusu. Siku hiyo alimwona Bertilla akitoka na beseni, akasimama kwa heshima akamwamkia, na Bertilla akapita bila neno, na hiyo ndiyo shikamoo pekee maishani ambayo Rozina alitoa bila kuitikiwa. Jumatatu, thelathini na tisa na nusu. Jumanne asubuhi muuguzi alipita akisema, bila kumtazama, thelathini na nane. Jumatano haikupanda.

Dokta Lwitiko alimkuta kwenye benchi siku hiyo. Alisimama mbele yake na koti lake jeupe, akasema mguu upo, mfupa haupo. Kuna hospitali Mbeya yenye chuma cha duara kinachovuta mfupa, milimita moja kwa siku, wakiweza kuanza. Kwa pengo lile pamoja na muda wa kusubiri mfupa mpya ukomae ni mwaka, pengine miwili, na maumivu kila siku ya miezi hiyo, na bado huenda usifaulu. Gari linaondoka Ijumaa. Kisha akasema mgonjwa anamwita.

Salome alikuwa amekonda hadi masikio yake yalionekana makubwa. Mguu ulikuwa juu ya mto, wazi, umefunikwa kitambaa chenye unyevu. Bertilla alikuwa amekwenda kuteka maji. Rozina alibaki amesimama, kwa kuwa kigoda kile hakukiamini tena.

"Unajua mama aliniambia nini siku ile?" Salome aliuliza. "Aliniuliza kama nilijua ni wewe. Nikamwambia ndiyo. Hajaniuliza kingine mpaka leo."

Rozina alikitazama kigoda kitupu.

"Kila asubuhi dokta aliuliza. Kila asubuhi uliyokuwepo nilikutazama wewe kwanza. Nilikuwa nakupa nafasi."

"Niliona."

"Uliona ukafanya nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema mengi, kwamba aliogopa, kwamba hakulala, kwamba alichoma mifupa ya ng'ombe hadi nyusi zikaungua. "Nilikwenda kukuchapia mfupa," alisema. "Kwa mahindi."

Salome alimkodolea macho. Kitu kilianza kwenye pembe ya mdomo wake, kile kile ambacho kwa miaka mitano kilikuwa kikianza kabla hawajaangua kicheko wote wawili chini ya blanketi moja. Kilifika nusu. Kisha mguu ukamuuma, uso ukajikunja, na kilichotoka hakikuwa kicheko.

"Nilikuwa tayari ukatwe," alisema alipopata pumzi. "Ningetembea na gongo nikasema uwanjani mpaka nizeeke. Wewe hukuniomba hivyo, najua. Lakini ungeniacha."

"Ningekuacha," Rozina alisema. Hakuwa amelijua hilo hadi lilipotoka.

Salome aligeuza uso ukutani. Nje walisikika watu wakipakua mkaa.

"Toka, Rozi," Salome alisema, akiuambia ukuta. "Na Ijumaa usije kuniaga."

Rozina alitoka, akalipita benchi bila kukaa, akateremka ngazi. Bertilla alikuwa akipanda na ndoo mbili za maji, nzito, zikimwagika kwenye kitenge. Rozina alinyoosha mkono apokee moja. Bertilla alisimama. Aliutazama mkono ule, akautazama sana, kisha akahamishia ndoo zote upande wa pili, wa ukutani, akapanda.